Fulu wa Dani Wako Ulaya

Wasee, leo tunaongea kuhusu samaki. Si wa kukaanga, ni wale wa kwenye tangi la kioo. Najua kuna mtu ashaanza kusema hiyo ni hobi ya watu wa Karen na daktari wa meno. Tulia kidogo. Hii story ina ukoloni ndani, ina school fees, na ina dani yangu wa Dunga, Kisumu, ambaye hajawahi kuona sababu ya kuweka samaki ndani ya nyumba akiwa bado anapumua.

Nianze na aibu yangu. Nilipoacha chuo mwaka wa pili nilirudi kwa keja ya bedsitter nikiwa na muda mwingi na akili nzito. Rafiki alikuwa anahama, akaniachia tangi la lita 60. Nikaenda duka moja mtaani, nikanunua gapi sita, nikajaza maji ya mfereji, nikawamwaga ndani. Siku ya nne wote walikuwa wanaelea. Nikarudi kwa muuzaji, akaniambia nimewalisha sana, ninunue wengine. Nikanunua. Wakakufa pia.

Hapo ndipo nikaanza kusoma, kwa hasira. Kumbe sikuua samaki kwa chakula peke yake. Samaki anakojoa na kunya ndani ya maji anayopumulia, na ule uchafu unageuka amonia, ambayo ni sumu. Kwenye ziwa kuna bakteria wanaoibadilisha amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, halafu wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaweza kuvumilia kiasi. Tangi jipya halina hao bakteria. Inabidi uwakuze kwanza kwa wiki kadhaa, kwenye sponji ya filta na kwenye changarawe, kabla hujaleta samaki wengi. Na maji yetu ya mfereji yana klorini, ambayo inaua bakteria na kuchoma matamvua ya samaki, kwa hivyo unayaacha kwenye ndoo wazi siku nzima au zaidi, ama unatumia dawa ya kuiondoa. Hakuna aliyeniambia. Nililipia hiyo elimu kwa gapi kumi na wawili.

Nilipojua hivyo, nikataka kujua nani aliyegundua kwanza. Watu wameweka samaki wa urembo kwa muda mrefu. Wachina walikuwa wanafuga samaki wa dhahabu kwa madimbwi na mitungi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Lakini tangi la kioo ni la juzi tu. Mwaka 1832, mwanamke Mfaransa aliyeishi Sicily, Jeanne Villepreux-Power, alitengeneza masanduku ya kioo ili achunguze viumbe wa baharini wakiwa hai. Mwaka 1850, Robert Warington, mkemia wa London, alieleza jinsi alivyoweka samaki, mimea na konokono pamoja, kila mmoja akimsaidia mwenzake kuishi. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki kwa umma. Mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilicholieneza neno “aquarium”, na watu wa mjini wakashikwa na hiyo homa vibaya.

Samaki wa nchi za joto ndio walikuwa shida. Mwaka 1869, Pierre Carbonnier wa Paris alipata samaki wadogo wa rangi kutoka China, wale wanaoitwa samaki wa peponi, akafanikiwa kuwazalisha. Lakini Ulaya kuna baridi na wakati huo hakukuwa na hita ya stima. Watu walikuwa wanaweka moto wa gesi au taa ya mafuta chini ya tangi. Fikiria hiyo: sisi tunaogopa stima ikipotea usiku wa Julai Nairobi, wao walikuwa wanawasha jiko chini ya samaki. Baadaye zikaja hita za umeme, baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaja ndege na mifuko ya plastiki yenye oksijeni, na kufikia miaka ya 1960 gundi ya silikoni ikaondoa yale matangi ya chuma yaliyokuwa yanavuja. Samaki wa Amazon akaanza kufika Berlin kwa siku moja.

Na samaki wa Afrika pia. Hapa ndipo story inarudi nyumbani.

Usiku mmoja nilikuwa naangalia samaki wanaouzwa na wafugaji wa Ulaya. Nikaona mmoja, wa kidole kimoja tu, ana wekundu kama wa samaki wa salmoni. Jina lake la biashara lilikuwa na maneno mawili yaliyonishtua: Hippo Point.

Hippo Point ni pale Kisumu tunapoenda kuona jua likizama. Kutoka kwa dani ni mwendo wa miguu. Samaki sita wa jina la mtaa wa dani yangu walikuwa wanauzwa kwa pesa zinazotosha unga wa mwezi mzima, na mimi nikiwa Nairobi nilikuwa na gapi wa asili ya Amerika Kusini na samaki wawili wa njano wa Ziwa Malawi. Wa kwetu, hapana. Nilizunguka kila duka la samaki nililolijua. Niliuliza fulu. Mmoja akaniuliza kama nimekosea soko.

Kwa wasiojua, fulu ni jina la Kijaluo la samaki wadogo wa Nam Lolwe, ziwa ambalo John Speke alilipa jina la malkia wake mwaka 1858. Upande wa Mwanza wanaitwa furu. Wanasayansi wanawaita haplokromini. Usidanganywe na udogo wao. Karibu miaka 15,000 iliyopita hilo ziwa lilikauka. Lilipojaa tena, fulu wakaanza kugawanyika: huyu anakula konokono, yule anakwangua mwani kwenye mawe, mwingine anakula magamba ya wenzake, mwingine amejifunza kunyonya mayai na vifaranga kutoka kwenye mdomo wa mama samaki. Kwa hicho kipindi, ambacho kwa mambo ya mageuzi ni kama dakika tano, ziwa likawa na karibu spishi 500. Hakuna mahali pengi duniani ambapo kitu kama hicho kimetokea kwa kasi hiyo.

Na wana tabia tamu. Mama fulu anaatamia kwa mdomo. Dume lina madoa ya njano kama mayai kwenye pezi la chini karibu na mkia. Jike likitaga linaokota mayai yake haraka kwa mdomo, linaona yale madoa ya dume, linadhani limeacha mayai, linaenda kuyaokota, na hapo ndipo linapata mbegu. Halafu linakaa wiki mbili hadi tatu na watoto mdomoni, karibu bila kula. Ukimwona mama amefura kidevu na amekataa chakula, usimpeleke kwa daktari. Ana familia mdomoni.

Sasa, hao samaki walienda wapi?

Mwanzoni mwa karne ya 20, reli ilikuwa imefika Kisumu, soko likafunguka, na nyavu za kutoka nje zikaingia ziwani. Ngege, ule ngege halisi wa wazee wetu, akaanza kupungua. Serikali ya mkoloni ikamtuma Michael Graham kufanya utafiti mwaka 1927 na 1928. Kwenye ripoti yake ya 1929 alionya wazi kwamba kuleta samaki mkubwa mla-wenzake kutoka ziwa lingine kungekuwa hatari kubwa sana.

Lakini maofisa wa uvuvi waliangalia ziwa na hesabu yao. Waliona maelfu ya tani za samaki wadogo wenye miba, ambao haziwezi kupata bei London. Wakawaita samaki taka. Wazo likawa: tulete samaki mkubwa, awale hawa wadogo, awageuze kuwa nyama nono, na tena wazungu wapate wa kuvua kwa mchezo. Mwaka 1954 mbuta, yaani sangara, akawekwa ziwani upande wa Uganda. Wanasayansi wakabishana. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer aliandika kupinga mpango huo. Haikusaidia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaongezwa wengine, pamoja na upande wetu wa Kisumu.

Mbuta anaweza kufika mita mbili na kilo 200. Kwa miaka 20 hivi alikaa kimya. Halafu miaka ya 1980 akalipuka, kwanza upande wa Kenya, kisha Uganda na Tanzania. Kabla ya hapo, nyavu za utafiti zikikokotwa chini ziwani, karibu asilimia 80 ya uzito ulikuwa fulu. Kufikia mwishoni mwa miaka hiyo, sehemu nyingi walikuwa chini ya asilimia 1. Inakadiriwa karibu spishi 200 zilipotea. Nyingine zilikufa kabla mtu yeyote hajaziandika jina.

Mbuta hakuwa peke yake, na hapa lazima tuwe wakweli. Mbolea, maji taka ya miji na udongo wa mashamba viliingia ziwani, mwani ukaongezeka, maji yakawa ya kijani. Fulu jike anachagua mume kwa rangi. Kuna wawili wa Mwanza wanaofanana sana: mmoja dume lake ni jekundu, aliyepewa jina la Nyerere mwaka 1985, na mwingine dume lake ni la buluu. Maji yakiwa safi kila jike linajua wake. Maji yakichafuka, nyekundu na buluu zinafanana, wanachanganyika, na spishi mbili zinakuwa moja. Hata kitoweo kilichangia. Fulu alikuwa anaanikwa juani tu, bure. Mbuta ana mafuta, haukauki juani, lazima umkaange au umpige moshi. Hiyo ni kuni, na kuni ni miti ya kando ya ziwa.

Nikampigia dani, kisha wikendi nikapanda basi la usiku kwenda Dunga. Nikamwonyesha picha kwenye simu.

Aliishika karibu na macho, akaisogeza mbali, akairudisha. Akacheka.

“Fulu. Hawa tulikuwa tunawatoa na kikapu tukiwa wasichana. Wanaume walikuwa na nyavu zao huko ndani. Sisi na watoto tulikuwa na fulu.”

“Walikuwa na hizi rangi, dani?”

“Walikuwa na rangi zote. Lakini ukimkausha anakuwa rangi moja.” Akanirudishia simu. “Huyu ako wapi?”

“Ujerumani.”

“Na huyo mzungu anamla?”

“Hapana. Anamwangalia.”

Akanyamaza. Halafu akasema kitu ambacho sijaacha kukifikiria: “Basi ako na shibe.”

Mathe alikuwa hapo anachambua mboga, akaingilia. Aliniambia nisiende kuandika ubaya wa mbuta kama sijui nyumba yetu. Babu alikuwa na sehemu kwenye mashua moja miaka ya 80. Mbuta ndiye aliyemsomesha mathe hadi Form Four, na kwa hiyo kazi aliyopata baadaye, ndiye aliyelipa fee yangu ya mwaka wa kwanza. Yaani mbuta alinipeleka kampasi, mimi mwenyewe ndio nikashindwa kukaa. Sikuwa na jibu.

Lakini dani alikuwa nalo. Alisema ni kweli, pesa iliingia, lakini iliingia kwa mlango wa wanaume. Fulu alikuwa kitoweo cha mwanamke asiye na mashua. Mbuta anataka mashua, injini na nyavu kubwa, halafu viwanda vikaja, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na Kisumu tukabaki tunauziwa mgongo wazi, ule mfupa wenye kichwa na mkia na nyama ya kubahatisha. Kwa hivyo minofu ya mbuta ilienda Ulaya, na fulu wachache waliobaki hai pia wakaenda Ulaya. Sisi tukabaki na mfupa.

Sasa hao fulu walifikaje kwa tangi la mtu? Tangu 1977 kulikuwa na wanasayansi Waholanzi kutoka Leiden waliokuwa Mwanza wakichunguza fulu. Walikuja kuhesabu spishi, wakajikuta wanashuhudia zikiisha mbele ya macho yao. Baadhi walisafirishwa wakiwa hai hadi maabara za Leiden. Miaka ya 1990 bustani za wanyama na akwariamu za Marekani na Ulaya zikaanzisha mpango wa kuzalisha fulu waliobaki. Lakini taasisi zina nafasi chache, bajeti inakatwa, mkurugenzi anabadilika. Wengi wa fulu waliishia kwa watu wa kawaida: mwalimu mstaafu, fundi wa mabomba, mtu mwenye matangi manane kwa gereji yake. Wafugaji wa Marekani wana hata mpango unaoitwa CARES, ambapo mtu anachukua spishi iliyo hatarini, anaizalisha nyumbani na kuwagawia wenzake watoto wake, ili tangi moja likivuja usiku, spishi isiishe na hilo tangi.

Angalia mfano huu. Kuna samaki mwenye mistari myeusi na wekundu mgongoni anayeitwa Astatotilapia latifasciata, wa vijiziwa vya eneo la Kyoga, Uganda. Kwao yuko hatarini kabisa. Kwenye matangi ya ng'ambo amejaa, mtu anawapea majirani bure.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na najua wengine mtapinga.

Kwanza, sina hasira na yule mzungu wa gereji. Alihifadhi kitu ambacho serikali ya mkoloni ilikiita taka na yetu haikukitetea. Hasira yangu ni kwamba kwenye hiyo orodha ya wafugaji sisi hatuko. Mtoto wa Kisumu anamjua Nemo, ambaye ni katuni, na hamjui fulu aliyelisha familia yake.

Pili, tangi si ziwa. Samaki wachache wakizaana miaka 30 kwa kioo, damu inakuwa ya karibu, rangi na tabia zinabadilika. Ukiweka spishi mbili za fulu pamoja zitachanganyika na umeharibu zote. Tangi linanunua muda tu. Na usiwahi, narudia, usiwahi kumwaga samaki wa tangi kwenye mto, bwawa au ziwa ati unamhurumia. Mbuta alianza hivyo hivyo: mtu mwenye ndoo aliyeamini anasaidia.

Tatu, bado kuna wa kuokoa hapa hapa. Mbuta alipovuliwa sana, baadhi ya fulu walianza kurudi. Ngege wa asili bado yuko Ziwa Kanyaboli, Siaya, kando ya kinamasi cha Yala, ambako mbuta hakufika. Kile kijiziwa kidogo ndicho tangi letu, na hakihitaji hita. Kukilinda ni rahisi kuliko kuomba watoto wa samaki kutoka Ujerumani.

Na nyumbani? Anza na gapi kama mimi, lakini usianze kama mimi. Tangi lililokomaa, filta ya sponji na pampu ndogo ya hewa, maji yasiyo na klorini, joto la nyuzi 24 hadi 27, na kila wiki unabadilisha robo ya maji. Ukiweza hiyo kwa mwaka mmoja bila mazishi, una ujuzi wa kutosha kufuga fulu: dume moja, majike manne au matano, tangi la mita moja na zaidi, mawe ya kujificha, spishi moja tu. Usiende kuwatoa ziwani kienyeji. Pitia kwa kamati ya ufuo na ofisi ya uvuvi, uliza ruhusa, uliza spishi ipi inafaa kuguswa.

Mimi nimeanza hiyo safari. Nimeongea na wazee wa ufuo wa Dunga, nimejaza fomu, nasubiri. Tangi la pili tayari liko, lina maji, filta inazunguka, bakteria wanakua. Halina samaki. Wageni wakija kwa keja wananiuliza kwa nini naangalia maji matupu.

Dani naye anauliza kila nikipiga simu kama wale fulu washafika. Nimemwahidi wakifika nitamletea video ya mama akiwa na watoto mdomoni, maana alisema hilo hakuwahi kuliona. Miaka yote hiyo ya kikapu, aliwaona wakiwa nje ya maji tu.